Kesho Alhamisi, Sifungi

Mwanangu Rukia,

Salamu nitakupa asubuhi kwa mdomo, na dua nitakusomea mlangoni ukiwa umeshika sanduku, kama ada yetu. Hapa naanza na habari: mzani nimeutupa. Nimeshuka nao ngazi kwa ngazi, maana lifti imekufa tena, nikaupeleka kwenye mapipa kule nyuma ya jengo, nikautumbukiza chini ya mifuko ya majirani. Baba yako kaniuliza nimetoka wapi na kanga ya kulalia. Nikamwambia nimekwenda kutupa taka, na sikusema uongo.

Yeye hakujua alichokifanya jioni, usimkasirikie. Alitaka kupima sanduku tu, tusije tukaanza kufungua nguo za ndani mbele za watu pale uwanja wa ndege. Akapekua chini ya kitanda chetu, akautoa, akaupangusa vumbi kwa mkono wa shati, akauweka katikati ya sebule, furaha tele. Wewe ulikuwa chini unapigana na zipu. Ukautazama ule mzani, halafu ukanitazama mimi. Baba yako akapandisha sanduku, akainama akasoma, akasema alhamdulillahi, limepita. Na wewe ukasimama, ukasema kwa kile Kiingereza chako cha upole, ambacho huniuma kuliko cha ukali, kwamba kesho ni Alhamisi na unafikiri utafunga. Ukaingia chumbani.

Rukia, usinifanye mjinga. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na moja hujafunga Alhamisi hata moja. Ramadhani unafunga, sita zako za Shawwal unafunga ukijaaliwa, lakini Alhamisi hapana, na sababu tunaijua mimi na wewe na hatujaisema. Tena nimekuona hizi wiki. Nimeuona wali unavyosukumwa huku na huku sahanini mpaka ukaonekana umeliwa. Nimeona chai isiyo na kitu, mchana na usiku. Ulinambia kwa kicheko kwamba rafiki yako aliyewahi kuishi Seoul, huko unakokwenda, kakwambia maduka mengi ya nguo kule yana saizi moja tu, na saizi hiyo si yako. Ulicheka peke yako, mama. Mimi nilikuwa nashona, nikajidunga sindano.

Kwa hiyo nakuandikia. Na nakuandikia Kiswahili makusudi. Ningeweza kumwomba mtu anitilie kwa Kiingereza kizuri, lakini sitaki upite juu yake mbio mbio kama unavyosoma simu. Kiswahili unakisikia chote, ila kukisoma huwezi bila ya kutoa sauti. Nimekuona, unasoma kama mtoto wa chuo cha Kurani, silabi kwa silabi. Basi leo soma hivyo hivyo. Kuta za flati hii nyembamba, nitakusikia.

Sitakwambia uvae soksi mbili, wala uweke pasi yako wapi, wala usirudi usiku. Hayo keshakwambia baba yako, kisha kayarudia, kisha kakuandikia kwenye simu. Mimi nataka kusema lile ambalo sisi wazee wa kwetu hatulisemi. Kwetu mzazi akikosa haombi radhi, anapika. Nimekupikia miaka mingi sana, mwanangu, na wewe hukula.

Unakumbuka simu ya nesi? Hukumbuki, ulikuwa ndani unatazama katuni. Ulikuwa darasa la mwisho la skuli ya watoto, wamekupimeni nyote kwa mstari, na yule nesi akanipigia. Alikuwa na sauti ya kutoa pole, nikadhani kuna mtu kafa. Akanambia uzito wako umevuka unaotakiwa kwa kimo chako. Akaniuliza soda unakunywa kiasi gani. Akaniuliza kama nyumbani tunakula mboga za majani. Mimi, mtoto wa Wete kule Pemba, niliyekulia mchicha na kisamvu na majani ya kunde, naulizwa kama nayajua majani! Nikamjibu ndiyo, hapana, ndiyo, nikamshukuru, nikakata simu. Nikakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

Fahamu nilivyolelewa. Kwetu mtoto akinenepa, mama yake hupongezwa. Ulipokuwa na miaka minne nilikupeleka Pemba, na wanawake walikupokezana wakikufinya mashavu, mashaallah, kanawiri, London imemkubali. Bibi yako akawa anawakataza wasikusifu sana, anawaambia huyu hali kitu, mgonjwa mgonjwa tu, ili kukukinga na jicho. Wewe huku umeshika andazi mkono huu na andazi mkono huu. Tulicheka siku hiyo! Halafu narudi huku, mwili ule ule uliosifiwa kule napigiwa simu ya kuushitaki. Nikaona haya. Sikuona hofu, Rukia, nakwambia ukweli. Bibi yako kakatwa mguu kwa sukari na sukari ndiyo iliyomuua, nilikuwa na kila haki ya kuogopa. Hofu ingenipeleka kwa daktari nikauliza maswali kama mtu mzima. Mimi niliona haya, na haya zikanipeleka dukani kununua mzani.

Leo ninalo jibu la yule nesi, ingawa nimechelewa. Ningemwambia, dada, chungulia dirishani kwangu. Unakiona kile kibao ukutani, pale penye uwanja pekee tulio nao? Kimeandikwa marufuku kucheza mpira. Unaona duka la kuku na chipsi pale kituo cha basi, na jengine mkabala wake, na jengine kabla ya kufika skuli? Mimi nikitoka kibandani kwangu sokoni nilikokuwa napunguza suruali za watu, nilikuwa naingia shifti ya jioni ya kusafisha maofisi, na baba yake yuko na basi lake la usiku. Mtoto anafungua mlango kwa ufunguo wake, anajifungia ndani kama tulivyomwamrisha, anakaa. Tumemkalisha sisi, mimi na baba yake na baraza la mtaa na kibao chake. Halafu akinenepa, anapandishwa mzani yeye peke yake.

Lakini sikusema hayo. Nilichofanya ndicho hiki.

Nilikuamsha Alhamisi moja kabla ya alfajiri. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chako, nikakwambia, njoo ule daku, leo tufunge sunna mimi na wewe, tupate thawabu pamoja. Ulifurahi. Ulikaa jikoni na kanga yangu mabegani, unakula tende, unaniuliza kama Mtume alikuwa na paka. Wakati ule tulikuwa hatuonani, mimi ni mtu wa kuacha chakula kwenye friji na kupiga simu. Na sasa umenipata, jikoni, peke yetu, ulimwengu wote umelala. Ikawa kila Alhamisi, kisha na Jumatatu. Na kila Ijumaa asubuhi nakupandisha kwenye mzani, nakwambia ni mchezo, tuone nani kakua. Ulikuwa ukisimama juu yake umefumba macho unangoja nikusifu.

Chuoni wakajua. Ustadhati wako akakusimamisha mbele ya wenzako akasema tazameni, mtoto mdogo, anahuisha sunna. Akakupa msala wa kuswalia, wa kijani, wenye nyuzi za dhahabu. Kina mama wakanisimamisha mlangoni kuniuliza nakulea vipi, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema ni taufiki ya Mungu. Astaghfirullahi. Niliipokea sifa ile yote, na mimi ndiye niliyejua inatoka wapi.

Siku moja ukarudi chuoni umesomeshwa nia. Ukanieleza, umeketi hapa mezani, kwamba ibada bila ya nia ni njaa tu, na kwamba nia ya mtu haiwekwi na mtu mwengine. Kisha ukaniuliza sisi nia yetu ya Alhamisi huwa tunasemaje. Nikakwambia kula, utachelewa kulala.

Na huku nyuma nazungumza na Bi Shufaa. Unamjua Bi Shufaa, rafiki yangu wa tangu ujana, ambaye simu naye haina mwisho. Nilikuwa nakunja nguo, simu nimeibana kwa bega, wewe uko pale pale kwenye zulia unachora. Nikamwambia namfungisha mtoto apungue, maana nikimnyima chakula waziwazi ataniona mbaya, na Mungu nikimtanguliza hatouliza. Tukacheka, nakuapia. Kosa hilo wanalifanya kina mama wote wa kwetu waliozalia huku. Tunawasemesha Kiswahili, mnatujibu Kiingereza, basi tunasahau kwamba mnasikia. Tunazungumza juu ya vichwa vyenu kama wanavyozungumza watu mbele ya paka. Hukuinua hata uso. Penseli yako haikusita.

Alhamisi iliyofuata ukaamka, ukala daku, ukafunga. Na ile baada yake vilevile. Mpaka leo hilo ndilo linanishinda, kwamba ulijua na ukaendelea kuja jikoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nafikiri ulikuwa unaitaka ile saa yetu, hata kwa bei hiyo.

Kisha ikaja maulidi ya kina mama, pale ukumbini, likizo ya nusu muhula, Alhamisi. Siku zilikuwa zimerefuka, magharibi iko mbali. Mimi na wewe tuna swaumu, tumekaa kwenye jamvi karibu na Ustadhati, sahani zetu zimefunikwa pembeni za kwenda nazo nyumbani. Nilikuwa nimekushonea gauni la zambarau. Kwenye mishono nilikuwa nimeacha nafasi ndogo kuliko desturi, maana nilikuwa na hakika utapungua. Ilipoandaliwa biriani ukasimama, ukaenda ukachukua sahani, ukarudi ukakaa mbele yangu, ukala. Hukula kwa pupa. Ulikula tonge kwa tonge, kwa mkono, kama ulivyofunzwa, na kila tonge unanitazama.

Ustadhati akakukumbusha kwa upole kwamba leo Alhamisi, pengine umesahau. Ukameza kwanza. Kisha ukasema kwa Kiswahili, wewe ambaye ulikuwa hujapata kusema sentensi nzima ya Kiswahili mbele za watu, "Sikusahau. Nia haikuwa yangu."

Jamvi zima likanigeukia. Na pale, Rukia, pale ndipo nilipokuwa na mlango. Ningeweza kusema, kweli, ilikuwa yangu, tena mbaya. Ningeweza kunyamaza tu. Mimi nikacheka. Nikamwinamia Ustadhati, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Ana maana hakutia nia leo. Yumo kwenye siku zake."

Ulikuwa na miaka kumi na moja na siku zako zilikuwa hazijakuanza. Wakapiga vigelegele! Hongera, mwari, kavunja ungo, na mama yake alificha! Wakakubusu, wakakushika mashavu, mwenye shughuli akatoa doti ya kanga mpya akakufunga nayo begani. Mmoja akanipongeza kwamba watoto wanene huwahi. Wewe ukakaa na biriani limekuganda mkononi. Hukulia. Ulinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, ameshakata tamaa ya maji.

Kwenye basi la kurudi nikakugombeza, si unakumbuka? Nikakwambia umenivunjia uso. Na jioni nikakupikia kaimati, unazozipenda, na chapati, na kuku wa nazi. Ukachukua sahani ukaenda kula chumbani kwako. Ukala chumbani miaka saba, mpaka ulipokwenda chuo kikuu.

Ile doti ipo kwenye droo yangu, haijatiwa maji hata mara moja. Mimi nikaendelea kufunga Alhamisi peke yangu. Nimezifunga zote, ila za udhuru. Watu wanasema Bi Asya mcha Mungu. Mungu anajua nilianza kwa kiburi, ili wale kina mama wasipate kusema kwamba ilikuwa habari ya kupunguza mtoto. Huko katikati labda ilisafika kidogo. Sijui. Mwenye kujua ndiye atakayenihesabia.

Sasa nisikie. Sikuandika haya ili unililie. Nimeandika kwa sababu jioni ulipoutazama mzani na kusema utafunga, nilisikia nia yangu mwenyewe inatoka kinywani mwako. Ile niliyoipanda mimi jikoni. Unataka kuivukisha bahari, kuipeleka Seoul, kuikalisha mbele ya watoto wa watu. Naikataa. Kabisa naikataa. Ni yangu, nirudishie, nife nayo mimi.

Kwani unakwenda kufanya nini kule? Ulinieleza mezani hapa hapa, Jumapili ile, umechora kwenye bahasha mstari unaopanda. Ukanambia watoto wa Korea zamani walikuwa wembamba na sasa vizazi vinakuja vizito kuliko wazee wao, wavulana kuzidi wasichana. Wanatoka skuli wanaingia masomo ya jioni, wanakaa mpaka usiku, wanakula tambi za kikombe wamesimama dukani kati ya somo na somo, na maradhi ya corona yalipowafungia ndani mstari ukaruka. Na wasichana wengi ambao hawana uzito wowote wa kusemwa wanajiona wanene, wanajinyima. Ukasema utakaa na watoto wenyewe, kwa mkalimani, mpaka Kikorea chako kikae sawa, uwaulize wao badala ya kuiuliza mizani. Nikakutazama unavyozungumza, mikono yote miwili hewani, na nilijua hao watoto unawajua. Wamekalishwa, kisha wanaulizwa mbona hawakimbii. Kibao chao kimeandikwa kwa herufi nyengine tu.

Na siku ya usaili wako kwenye kompyuta nilikuwa jikoni, sikupika wala sikuosha, nimesimama tu nasikiliza. Yule profesa mwanamke akakuuliza kwa nini unaitaka kazi hii. Ukamjibu kwamba uliwahi kuwa mtoto aliyepimwa. Hukunitaja. Hukusema mama yangu. Ungeweza, na ningestahiki. Nilikwenda bafuni nikafungua maji.

Basi mtu mwenye jibu kama hilo anakwendaje nusu? Mtoto wa kule, mzito, aliyechoka kusemwa, atafunguliwa mlango amwone mtafiti kutoka London aliyejikausha kwa chai ili afae nguo za dukani. Atakwambia nini wewe? Atakwambia uzito wake na atanyamaza. Lakini akikuona ulivyo, na kiuno chako, na mikono yako mizuri ya ukoo wa Bibi, unacheka na unakula chakula cha kwao mbele yake bila ya kuomba ruhusa kwa macho, huenda akasema.

Watakutazama. Kwenye treni watakutazama, kwa rangi, kwa mtandio, kwa mwili, watapata kazi ya kuchagua waanze na lipi. Huenda mtu mzima asiyekujua akakwambia usoni kwamba ungekuwa mzuri ukipungua, na atadhani anakutakia kheri. Mimi pia nilidhani nakutakia kheri. Wajibu unavyoona, au usiwajibu, ila usiwapunguzie hata ratili moja kwa ajili ya macho yao.

Tena usinielewe vibaya, sisemi mwili hauna maneno. Sukari ya Bibi si hadithi za nesi, imo katika damu yetu, na mguu wake niliuosha mimi, nilipokwenda kumuuguza, mpaka siku ulipokatwa. Kapime damu kila mwaka, tembea, panda hivyo vilima vyao unavyonionesha kwenye picha, na daktari akikwambia neno lisikilize. Ukitaka kupungua kwa sababu magoti yako yamekuomba, pungua, nitakusifu. Magoti ni yako. Ninachokipinga ni kuona haya. Mtu aliyeona haya hali vizuri wala hafungi vizuri, nina ushahidi wa miaka.

Koti lako liko juu ya kiti cha sebuleni, limefunikwa. Nilikwambia nalipunguza la mteja. Nimelishona usiku wa wiki mbili, sufu nzito, kijani kama ya ule msala. Sikukupima. Nimeshona nguo zako tangu tumboni, hii mikono inakujua. Nimelishona kwa Rukia wa kabla ya wiki hizi za chai, nikaacha nafasi ya sweta na nafasi ya chakula. Ukilivaa kesho likapwaya kidogo, ujue si kosa la fundi, jaza. Sisi mafundi tuna kanuni moja, nayo nimeitumia kwa kila mteja kule sokoni isipokuwa kwa mwanangu: nguo ndiyo inayopunguzwa ikamfaa mtu.

Nimeona nikwambie neno ambalo mama yangu hakuniambia, na mama yake hakumwambia yeye, na ambalo hata sasa kalamu inasita kuliandika. Nisamehe. Kwa mzani, na kwa Alhamisi zile. Na zaidi kwa ule uongo wa ukumbini, kwamba ulisema kweli kwa lugha yangu, mara ya kwanza, na mimi nikaifunika kwa vigelegele. Ulikuwa mtoto mkakamavu kuliko wanawake wote waliokaa kwenye jamvi lile, na mimi nikiwa wa kwanza. Nimeringa kwa hilo moyoni miaka yote hii na sikukwambia. Ile siku ninayoionea haya kuliko zote ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Huyo ndiye mwanangu, nasema peke yangu nikiwa nakunja pindo za suruali za watu, kawatazama wote na akala.

Msafiri ana ruhusa ya kula, hilo unalijua, huna haja ya fatwa yangu. Ukiamka kesho ukaona nia ni yako, yako hasa, baina yako na Mola wako, basi funga mwanangu. Nimekufungia mkate wa kumimina na tende kwenye karatasi, vimo mfuko wa mbele wa begi, utafungulia angani itakapoingia magharibi, popote mtakapokuwa. Sitauliza. Sitakutazama sahani, wala mkono, wala kiuno. Nimemaliza kazi hiyo.

Lakini ukiniona mimi usishangae. Kunakaribia kucha. Chai ya maziwa iko motoni na hiliki yake, chapati nimezikunja, mayai nitayakaanga ukitoka. Nimeandaa mezani, si chumbani kwako. Sahani mbili. Baba yako nitampa yake baadaye, leo asubuhi meza ni yangu na yako, kama zamani, ila taa tutawasha.

Soma mpaka hapa, kwa sauti, nakusikia. Ukimaliza, toka. Utanikuta nimekaa mbele ya sahani yangu, na jua limeshatoka, Alhamisi, na sifungi. Nitakula tonge kwa tonge, nakutazama.

Mama yako,
Asya